Kwa nini karatasi nyeupe hutoka ya kijivu: picha za bidhaa za duka la mtandaoni

Weka kikombe cheupe juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, kipige picha kwa simu bila kugusa mpangilio wowote, kisha itazame picha hiyo. Karatasi si nyeupe tena. Imekuwa ya kijivu, tena kijivu chenye ubuluu kwa mbali, na kikombe kimemezwa na usuli hata ukingo wake hauonekani vizuri. Mwenye duka la mtandaoni akifika hapo huilaumu simu na kuanza kudunduliza pesa za kamera. Kamera ikija itampa karatasi ya kijivu ileile, ila sasa kijivu chenye pikseli nyingi zaidi.

Hakuna kilichoharibika. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hupima wingi wa mwanga tu. Hakijui kama mbele yake kuna karatasi, ukuta au paka mweusi. Kimeundwa kwa dhana kwamba mandhari ya kawaida, ukichanganya vyeupe na vyeusi vyake, huakisi sehemu ndogo ya mwanga unaoiangukia. Wapiga picha wamezoea kuitaja asilimia 18, kiwango ambacho macho yetu hukiona kama kijivu cha katikati. Karatasi nyeupe huakisi mara nne ya hapo au zaidi. Kamera ikikutana nayo hudhani mwanga umezidi, inapunguza, na weupe unashuka hadi kijivu. Kitambaa cheusi huleta kosa la upande wa pili: kamera hudhani kuna giza, inaongeza mwanga, na weusi unatoka umepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia. Simu za kisasa hujitahidi kutambua kilicho mbele yake, lakini fremu iliyojaa weupe mtupu bado huzihadaa.

Dawa yake ni ya sekunde mbili. Gusa bidhaa kwenye skrini, kisha telezesha kidole pale penye alama ya jua hadi karatasi iwe nyeupe bila kikombe kupoteza umbo lake. Kwenye kamera kamili tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uanze na +1. Bidhaa nyeusi itataka kinyume chake.

Nimeanza na kikombe hicho kwa sababu kinaonyesha kazi nzima ilivyo. Picha ya bidhaa hupita hatua nyingi kabla ya kumfikia mnunuzi, na karibu kila hatua ina kifaa kinachokisia kwa niaba yako. Kamera hukisia mwanga na rangi, programu ya kuhariri hukisia mpaka wa bidhaa, na mfumo wa duka hukisia wapi pa kuikata picha. Kuandaa picha ni kuyaondoa makisio hayo moja baada ya jingine, kila moja mahali lilipozaliwa. Anayejaribu kufuta kwa programu kivuli kibaya ambacho kadi moja nyeupe ingekiondoa anateka maji kwa pakacha.

Ukubwa wa mwanga

Wengi huuliza taa iwe na nguvu kiasi gani. Swali lenye manufaa zaidi ni taa iwe kubwa kiasi gani, ikitazamwa kutoka pale bidhaa ilipo. Balbu ndogo hutoa kivuli chenye makali, kama kilichokatwa kwa mkasi. Dirisha pana hutoa kivuli kinachofifia taratibu. Jua lenyewe ni kubwa kupita kiasi, lakini liko mbali mno hivi kwamba kwa bidhaa iliyo mezani ni kitone tu angani. Ndiyo maana picha ya jua la mchana huwa na vivuli vikali. Siku ya mawingu anga lote hugeuka taa moja, na vivuli hulainika. Pazia jeupe jembamba hufanya kazi hiyohiyo dirishani: mwanga unaolipitia hutawanyika, na pazia lenyewe ndilo linalokuwa taa.

Umbali nao una hesabu yake. Ukisogeza taa ndogo kutoka nusu mita hadi mita moja, mwanga unaoifikia bidhaa haupungui kwa nusu, unabaki robo. Taa ikiwa karibu sana, upande mmoja wa bidhaa hung'aa na wa pili huzama gizani. Isogeze nyuma kidogo, au weka kadi nyeupe upande wenye giza ili irudishe mwanga. Karatasi ngumu, kipande cha povu la kufungashia, hata shati jeupe lililotundikwa kwenye kiti vinatosha.

Kadi nyeusi ni mbinu wanayoisahau wengi, na ndiyo inayomwokoa mwenye kile kikombe cheupe. Simamisha kadi mbili nyeusi kulia na kushoto kwa kikombe, nje kidogo ya fremu. Kingo za kikombe zitaakisi weusi ule na kuchora mstari mwembamba unaokitenga na usuli. Utaona umbo limerudi bila kuhariri chochote.

Kisha zima taa za chumbani. Mwanga wa dirisha una ubuluu na wa balbu nyingi una umanjano. Vikikutana kwenye bidhaa moja, utakaporekebisha upande mmoja utaharibu wa pili. Chagua mmoja.

Bidhaa zinazong'aa

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, na mimi nadhani ni kwa sababu hawajaambiwa ukweli mmoja rahisi: kitu kinachong'aa hakipigwi picha, kinachopigwa picha ni vile vinavyokizunguka. Kijiko, saa, kifuniko cha sufuria na chupa ya manukato vyote ni vioo vyenye maumbo ya ajabu. Nimewahi kuona birika likiuzwa mtandaoni ambalo ubavuni mwake muuzaji alionekana wazi, simu mkononi, na nyuma yake kitanda kisichotandikwa.

Kanuni inayotawala hapo ni ile ya darasani: mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyojia. Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na mahali pa kuweka taa, weka jicho lako pale lenzi ilipo, halafu jiulize kila sehemu ya kijiko inatazama nini chumbani. Inachotazama ndicho kitakachoonekana juu yake. Ikitazama karatasi nyeupe kubwa, itakuwa nyeupe na laini. Ikitazama chumba, itakuwa na chumba. Ndiyo sababu watu huzungushia bidhaa za metali hema dogo la karatasi au kitambaa cheupe na kuacha tundu la lenzi tu. Usizidishe lakini, metali isiyoakisi kitu chochote cheusi huonekana kama plastiki ya kijivu. Mstari mmoja au miwili ya weusi ndiyo inayoliambia jicho kwamba hii ni chuma.

Kuna kichujio cha polaraizi kinachofungwa mbele ya lenzi. Hicho hupunguza mng'ao kwenye glasi, plastiki na ngozi iliyopakwa vanishi. Kwenye metali tupu hakisaidii, kwa kuwa mwanga unaorudi kutoka kwenye metali haujipangi kwa namna ambayo kichujio kingeweza kuukamata. Watu hukinunua kwa ajili ya vito kisha wakajilaumu bure.

Glasi inayopenyeza mwanga ina tabia nyingine kabisa. Ukiimulika kutoka mbele, utapata mng'ao mbaya na glasi isiyoonekana. Imulike kutoka nyuma: weka karatasi nyeupe iliyoangazwa nyuma ya bilauri, kisha kadi nyeusi pande zote mbili. Kingo za glasi hupinda mwanga na kuleta weusi wa kadi ndani ya picha, na bilauri inachorwa kwa mistari mieusi juu ya weupe. Ukigeuza mpangilio, usuli mweusi na mwanga ukitokea pembeni, utapata kingo nyeupe juu ya giza. Mpangilio wa kwanza unafaa zaidi dukani, wa pili hupendeza kwenye tangazo.

Rangi ni ya nani?

Februari 2015 picha ya gauni moja ilizunguka dunia nzima mtandaoni. Wengine waliliona jeupe lenye mistari ya dhahabu, wengine la buluu lenye mistari myeusi, na kila upande ukaapa kwamba mwenzake haoni vizuri. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi. Picha ilikuwa na mwanga mwingi na haikuonyesha waziwazi ni mwanga wa aina gani, kwa hiyo kila ubongo ulijikisia chanzo cha mwanga na kuondoa rangi yake. Muuzaji wa nguo anapaswa kuikumbuka picha hiyo kila anapobonyeza kitufe.

Ubongo wetu hufanya marekebisho hayo mchana kutwa bila kutuuliza. Shati jeupe tunaliona jeupe chini ya balbu na chini ya mti. Kamera nayo hujaribu, lakini hukisia kutokana na kilichomo kwenye fremu. Jaza fremu kwa kitambaa chekundu na kamera inaweza kudhani mwanga wenyewe ndio mwekundu, ikaongeza ubuluu na ukijani ili kuusawazisha. Wekundu unatoka umechoka. Ndiyo maana nguo ileile, ikipigwa picha mara kumi, hutoa rangi kumi.

Joto la rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Balbu za manjano za nyumbani huwa karibu 2700 hadi 3000, mwanga wa mchana karibu 5500, na kivulini chini ya anga safi hupita 7000. Ukiifungia kamera kwenye thamani moja, picha zote za siku hiyo zitakosea kwa namna moja, na kosa la namna moja hurekebishwa kwa mkupuo mmoja. Njia nzuri zaidi ni kadi ya kijivu: ipige picha mara moja ikiwa pale pale bidhaa itakapokaa, kisha kwenye programu ya kuhariri bonyeza juu yake kwa kile kidude cha kuchagulia rangi ya kati. Programu itajua mwanga ulikuwa wa rangi gani, na picha nyingine zote zitafuata. Wanaouza vitambaa na vipodozi huongeza bao lenye miraba 24 ya rangi, chombo kilichoanza kutumika mwaka 1976 na ambacho bado kinatumika.

Taa unayoinunua iwe na alama ya usahihi wa rangi, ile inayoandikwa CRI, ya 90 au zaidi. Taa yenye alama ndogo hukosa baadhi ya rangi ndani ya mwanga wake, na rangi ambayo haimo kwenye mwanga haiwezi kuakisiwa na kitambaa. Hakuna programu itakayoirudisha. Kuna vitambaa viwili vinavyolingana kabisa chini ya taa na kukataana ukivitoa juani. Kama unauza suruali na koti kama seti moja, vitazame kwanza chini ya mianga miwili.

Rangi ikishakuwa sahihi kwenye kamera yako bado inaweza kupotea njiani. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza wigo mmoja wa rangi uitwao sRGB, na hadi leo ndio lugha ya kawaida ya tovuti. Simu nyingi za sasa hupiga picha kwa wigo mpana zaidi. iPhone imefanya hivyo tangu mwaka 2016. Faili huwa na maelezo mafupi yanayosema rangi zake zisomwe kwa wigo upi. Programu au tovuti ikiyafuta maelezo hayo bila kubadilisha rangi zenyewe, wekundu uliokuwa mkali unasomwa kwa lugha isiyo yake na kufifia. Hifadhi nakala ya tovuti kwa sRGB na tatizo hilo litakuwa limekwisha.

Skrini ya mnunuzi huwezi kuitawala. Anaweza kuwa amewasha mwanga wa usiku unaotia umanjano kila kitu. Kwa hiyo taja rangi kwa maneno kwenye maelezo: kijani cha majani makavu, buluu ya wino. Na uache kabisa tabia ya kukoleza rangi ili picha ivutie. Picha iliyokolezwa huuza mara moja, na bidhaa hurudi mara moja.

Umbali, umbo na fokasi

Lenzi kuu ya simu ni pana. Ukiisogeza karibu na kiatu, ncha yake inavimba na kisigino kinasinyaa. Kinachofanya hivyo ni umbali: ncha iko karibu na lenzi mara mbili kuliko kisigino, basi inaonekana kubwa mara mbili. Rudi nyuma hatua moja au mbili na uvute kwa mara 2. Umbo litatulia. Shusha pia simu hadi usawa wa katikati ya bidhaa, maana chupa inayotazamwa kutoka juu huonekana imechongoka chini.

Kwa vitu vidogo kama pete tatizo ni fokasi. Kadiri unavyokaribia, ndivyo sehemu iliyo kali inavyokuwa nyembamba, na jiwe linaonekana wazi huku pete yenyewe ikiwa ukungu. Kwenye kamera kamili punguza tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu hupungua). Ukizidi hapo sana, mwanga wenyewe huanza kutawanyika kwenye kitundu na picha yote hulainika. Kwenye simu, piga kutoka mbali kidogo kisha ukate picha baadaye. Ile hali ya kufifisha usuli ya kupigia picha za watu iache, kwa sababu hukisia mpaka wa kitu, na mkono wa kikombe huenda na usuli.

Tumia tripodi, hata kama mikono yako haitetemeki. Faida yake kubwa ni kulinganisha picha. Bandika utepe mezani pale bidhaa inapokaa na sakafuni pale miguu ya tripodi inaposimama, na bidhaa 40 zitapangika dukani kwa ukubwa na pembe moja. Ukurasa wa namna hiyo huonekana kama duka. Usipofanya hivyo huonekana kama dampo la picha.

Usuli, na kile ambacho mkono ungeuliza

Amazon inadai picha kuu iwe na usuli mweupe kabisa, yaani 255, kiwango cha juu kabisa, kwa nyekundu, kijani na buluu, na bidhaa ijaze asilimia 85 au zaidi ya fremu. Ikiwa upande mrefu hauna pikseli 1000, mnunuzi hataweza kuivuta karibu. eBay inakataa picha isiyofikisha pikseli 500 kwa upande mrefu, na inashauri 1600. Duka lako mwenyewe halina sheria hizo, ila ukitarajia kuuza kwenye masoko hayo siku moja, piga picha kana kwamba zinakuhusu tangu leo.

Programu za kuondoa usuli zimekuwa hodari, lakini hutatizwa na nywele, lesi, mikufu na glasi. Pia hupenda kufuta kivuli kidogo kilicho chini ya bidhaa. Kirudishe au kiache; bila hicho kiatu huelea hewani. Kujua kama weupe ni kamili, teremsha mwanga wa picha hadi iwe karibu nyeusi: mabaki yote ya kijivu na kingo zilizokatwa vibaya yatajitokeza. Kisha urudishe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini walikuwa wakiwaza mnunuzi anayeweza kukishika. Kwenye skrini mkono haupo. Mkono ungekigeuza, kwa hiyo piga nyuma na chini. Ungepima uzito na ukubwa, kwa hiyo weka picha moja ikiwa imeshikwa au imevaliwa. Ungepapasa mshono, kwa hiyo piga mshono kwa karibu, mwanga ukija kutoka ubavuni ili nyuzi zitoe vivuli vyake. Kama kuna mkwaruzo, uonyeshe. Baada ya hapo picha za ziada huwa za kujifurahisha tu.

Faili lenyewe

Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000. Kila pikseli ikihifadhi baiti tatu, moja kwa kila rangi, hizo ni baiti milioni 36. JPEG, kiwango cha kuhifadhi picha kilichotoka mwaka 1992, huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa ndani ya kila kipande yale ambayo jicho halitayakosa. Kwa ukubwa wa pikseli 2000 kwa 2000 unaweza kupata faili ya kilobaiti mia chache isiyotofautiana kwa macho na asili yake. Lakini kila unapoihifadhi upya inatupa tena. Weka asili pembeni, na kila badiliko lianzie hapo.

PNG haitupi kitu na hukubali usuli wa uwazi. Inafaa kwa nembo, na kwa picha ya kawaida hutoa faili kubwa bila sababu. WebP, iliyoletwa na Google mwaka 2010, kwa hesabu za Google wenyewe hutoa faili ndogo kwa asilimia 25 hadi 34 kuliko JPEG ya ubora unaolingana nayo. Mifumo mingi ya maduka hubadilisha picha kuwa WebP yenyewe, basi pakia JPEG nzuri uuache mfumo ufanye kazi yake. Ukiipakia iliyobanwa mno, itabanwa mara ya pili na makosa ya kwanza yatabanwa pamoja nayo.

Ile namba ya nukta kwa inchi, 72 au 300, ambayo watu hugombania, ni ya printa. Skrini haiisomi. Picha ya pikseli 2000 ni pikseli 2000 kwa namba yoyote ile.

Mpangilio wa kazi una maana: kata kwanza, punguza ukubwa, ndipo unoe, yaani uongeze ukali wa kingo. Ukinoa kabla ya kupunguza, ukali unapotea au unageuka chembechembe. Kata mraba, kwa kuwa orodha za bidhaa mara nyingi huonyesha miraba, na mfumo usipopewa mraba huukata wenyewe, wakati mwingine shingoni mwa chupa.

Kabla ya kupakia, futa taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Simu ikiwa imeruhusiwa kutumia eneo, kila picha hubeba latitudo na longitudo za mahali ilipopigwa. Kwa muuzaji anayefanyia kazi nyumbani, hapo ni mlangoni kwake. Tovuti nyingine huzifuta, nyingine hazizigusi.

Lipe faili jina linaloeleweka, mkoba-ngozi-kahawia-mbele badala ya IMG na tarakimu nne, na uandike maelezo mbadala kwa ajili ya wanaosomewa ukurasa na programu kwa kuwa hawaoni. Andika kile ungemwambia mtu kwenye simu: mkoba wa ngozi ya kahawia, mkanda mrefu, zipu mbili mbele.

Halafu fungua ukurasa kwenye simu ya zamani, mwanga wa skrini ukiwa nusu, na usogee nyuma hadi picha iwe na upana wa kidole gumba. Kama mkono wa kikombe hautambuliki kwa umbali huo, rudi kwenye faili la asili ukate karibu zaidi.